Umepangiwa thieta? Soma hii kabla hujavuka mstari mwekundu

Hii naandika kwa ajili ya nesi, interni, AMO (daktari msaidizi) au mhudumu yeyote ambaye jina lake limetokea kwenye rosta ya thieta, yaani chumba cha upasuaji, kwa mara ya kwanza, hasa kwenye hizi hospitali zetu za wilaya zenye chumba kimoja au viwili vya upasuaji, AC ya ukutani inayodondosha maji ikijisikia, na otoklevu moja (mashine ya mvuke ya kuua wadudu kwenye vifaa) inayogombaniwa na leba. Ukiwa hospitali kubwa yenye kila kitu mengi humu utakuta yapo tayari, ila soma tu, maana vifaa vizuri havijawahi kumzuia mtu kuingia na skrabu, ile nguo ya thieta, aliyotoka nayo kantini.

Kwanza tuelewane kwa nini tunasumbuana hivi. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipotoa mwongozo wake wa kuzuia maambukizi ya kidonda cha upasuaji mwaka 2016, lilisema kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati wagonjwa 11 kati ya 100 wanaofanyiwa operesheni wanapata maambukizi, na hapa Afrika akina mama wanaojifungua kwa operesheni wanaopata kidonda kibaya wanafika mpaka 20 kati ya 100. Mama mmoja kati ya watano jamani. Karudi nyumbani vizuri, watu wamekuja kumpa hongera, siku ya saba au ya nane kidonda kinaanza kunuka, nyuzi zinaachia, anarudi wodini na mtoto mgongoni na nauli ya kukopa. Na wadudu wenyewe, yaani bakteria, kwa sehemu kubwa wanatoka pawili tu, kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe na kwetu sisi tuliosimama pale, mikono yetu, nywele, pua na nguo. Watu wanapenda kulaumu dari na ukuta lakini dari haishiki fosepsi (koleo la upasuaji).

Kinachonipa moyo ni kwamba hii kitu inapungua bila kununua mashine. Kati ya 2013 na 2015 hospitali 5 za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilikaa zikashughulika na mambo ya kawaida kabisa, mgonjwa aoge, asinyolewe na wembe, dawa ya kuzuia maambukizi ipigwe kwa wakati, ngozi ipakwe dawa nzuri, mikono iandaliwe sawasawa, na watu wapunguze kuingia na kutoka thieta. Maambukizi ya kidonda yakashuka kutoka asilimia 8.0 mpaka 3.8. Sanitaiza ya mikono ilikuwa inatengenezwa hapo hapo kwao. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "sisi hatuna hela ya kuzuia maambukizi" muulize mlango wa thieta unafungwa kwa shilingi ngapi.

Kazi inaanzia nyumbani

Oga. Najua inaonekana kama natania ila sitanii, unaingia chumba ambacho tumbo la mtu litakuwa wazi. Kucha ziwe fupi, zisivuke ncha ya kidole, hamna rangi, na kucha za bandia hapana kabisa, hata kama umetoka harusini jana na umelipia, zile zinaficha wadudu chini yake na hamna brashi inayofika huko. Pete, saa, bangili, ile kamba ya mkononi uliyopewa na mtu wako, vyote vinabaki nyumbani au kwenye loka. Pete ya ndoa nayo inavuliwa, mwenza wako ataelewa, ifunge na pini ndani ya mfuko wa nguo zako za nyumbani usije ukaipoteza.

Ukiwa na jipu, kidonda kibichi mkononi, ukucha umevimba na usaha, mafua makali au unaharisha, sema kabla hujapangwa meza. Hapa ndo tunakosea sana kwa sababu watu wachache, mtu anajikaza anavaa glovu juu ya kidole kinachotoa usaha anasema nimefunika. Glovu inatoboka bila wewe kujua. Mwambie in-chaji, yaani msimamizi wako, akupeleke kazi nyingine siku hiyo, kupokea wagonjwa au rejista, kazi hazijawahi kuisha.

Na chanjo ya homa ya ini B, kama hujachoma fuatilia wiki hii hii, ni dozi tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Wengi wanachoma ya kwanza wanapotea.

Chumba cha kubadilishia

Nguo za nje zinaishia hapa. Unavaa skrabu iliyofuliwa na hospitali, sio uliyofulia nyumbani ukaja nayo kwenye daladala umekaa nayo siti iliyobeba samaki. Blauzi au shati chomekea ndani ya suruali. Viatu vya thieta ni vya thieta, viwe vimefunika vidole, vinavyooshwa, na ukitoka kwenda wodini unavua, ukirudi unavaa. Mstari mwekundu uliochorwa sakafuni, unaotenganisha nje na thieta, una maana yake, hata kama rangi imefutika nusu kwa sababu ya kupigwa deki miaka kumi.

Skrabu ikilowa damu badilisha, usisubiri mwisho wa zamu. Na usitoke nayo kwenda kununua chapati halafu urudi nayo mezani, hii nimeshaona kwa watu wakubwa wenye vyeo, wanavalia koti jeupe juu wanaona wameziba. Kama umetoka, umetoka, unabadilisha.

Kofia ifunike nywele zote. Nimesema zote. Zile rasta za mbele zinazochungulia ndo zinaangukia kwenye kidonda ukiinama. Wenye ndevu ndefu kuna kofia zinazoshuka mpaka kidevuni, kama hamna shonesha kwa fundi, kitambaa cha pamba sio ghali. Dada zangu mnaovaa hijabu, mpango mzuri niliouona ni hijabu fupi ya pamba ya thieta, inashonwa kwa kitambaa kile kile cha skrabu, inafuliwa hospitali pamoja na nguo nyingine, mwisho wake unachomekwa ndani ya blauzi, na ile ya nyumbani inakaa loka. Hamna mtu anapoteza stara yake na hamna mtandio unaoning'inia juu ya meza. Ongeeni na matroni zitengenezwe za kutosha saizi zote, tusiwe tunasubiri mtu mpya ajisikie vibaya mlangoni.

Barakoa inafunika pua na mdomo, vyote viwili, kamba zimefungwa. Ikilowa haifanyi kazi tena. Usiishushe shingoni ukapiga stori halafu ukairudisha, ukiishusha imekwisha, tupa chukua nyingine, na ukiivua shika kamba usishike mbele.

Simu. Hapa sijui hata niseme nini. Simu inaingia chooni, sokoni, inashikwa ukiwa unahesabu hela, halafu inawekwa juu ya troli ya usingizi. Kama ni lazima iingie kwa sababu ndo inayopigiwa emajensi, iwe moja ya chumba, ifutwe na spiriti ya asilimia 70 asubuhi na kila inapoguswa na glovu, na aishike mtu ambaye hajaskrabu. Nyingine zote loka.

Mikono, hapa tukae kidogo

Watu wengi tumefundishwa kusugua dakika kumi na brashi mpaka ngozi inawaka. Hiyo imepitwa. Kusugua kwa sabuni ya dawa dakika 2 mpaka 5 kunatosha, na brashi kwenye ngozi haishauriwi tena kwa sababu inachubua, na ngozi iliyochubuka inabeba wadudu wengi zaidi. Chini ya kucha safisha na kijiti cha kucha, maji yakitiririka.

Ukitumia maji na sabuni fanya hivi. Kofia na barakoa vaa kabla, sio baada, maana ukishaosha mikono hutakiwi kugusa uso. Fungua bomba kwa kiwiko au mguu, lowanisha kuanzia vidole kwenda kiwiko, mikono ikae juu ya viwiko muda wote ili maji machafu yashukie kiwikoni yadondoke, yasirudi vidoleni. Sugua kila kidole pande zake nne, katikati ya vidole, kiganja, nyuma ya mkono, kidole gumba kivyake, kisha kifundo, kisha mkono mzima mpaka juu kidogo ya kiwiko. Usirudi nyuma, ukishafika kiwikoni usirudishe mkono kwenye vidole. Suuza hivo hivo, vidole kwanza. Kausha kwa taulo steraili, yaani lisilo na mdudu yeyote, upande mmoja kwa mkono mmoja.

Sasa maji yakikatika je? Na yanakatika. Tuseme kweli, yale mambo ya mhudumu kusimama juu ya stuli anakumwagia maji na jagi lililokuwa chini ya sinki, halafu ndoo yenyewe haina mfuniko, hapo unajiosha na nini hasa? Weka ndoo ya bomba yenye mfuniko, ya maji safi, ioshwe kila siku. Ila njia bora zaidi kwa hali zetu ni sanitaiza ya thieta, ile yenye alkoholi. WHO wanazihesabu njia hizi mbili kuwa sawa, sabuni ya dawa na maji, au sanitaiza ya alkoholi, uchague moja. Fomula ya WHO hata famasia ya hospitali inaweza kuchanganya wenyewe, ethanoli asilimia 80, gliserini asilimia 1.45 ya kulainisha ngozi, na haidrojeni peroksaidi asilimia 0.125 ya kuua mbegu za wadudu zilizoko kwenye chupa. Mfamasia wako anaijua, mwombe.

Jinsi ya kuipaka ndo watu wengi wanaharibu, wanapaka kama losheni wanaondoka. Ukifika asubuhi, au mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, osha kwanza kwa sabuni ya kawaida na ukaushe kabisa, mkono ukiwa na maji alkoholi inazimuka. Halafu bonyeza chupa kwa kiwiko, mililita 5 kwenye kiganja cha kushoto, chovya ncha za vidole vya kulia ndani yake sekunde 5 ili iingie chini ya kucha, kisha ipake mkono wa kulia wote kuanzia kifundo mpaka kiwikoni, kwa kuzungusha, mpaka ikauke, sekunde 10 mpaka 15 hivi. Nyingine mililita 5 kwenye kiganja cha kulia, rudia kwa mkono wa kushoto. Mililita 5 za tatu ni za mikono yenyewe mpaka kifundo, viganja, nyuma, katikati ya vidole, migongo ya vidole, gumba, sekunde 20 mpaka 30. Zote ukijumlisha ni kama dakika moja, ila kila bidhaa ina muda wake umeandikwa kwenye chupa, soma. Subiri ikauke yenyewe. Usipunge mikono, usifute, usipulize. Ukivaa glovu mkono ukiwa mbichi ngozi itakuunguza na glovu haiteremki.

Na usichanganye, eti unasugua dakika tano kwa sabuni halafu unamalizia na sanitaiza ili iwe na nguvu. Haiongezi kitu, inakausha mikono tu, wiki ya pili una nyufa.

Gauni, glovu, na neno "samahani dokta"

Gauni likishavaliwa, sehemu inayohesabika steraili ni mbele tu, kuanzia kifuani mpaka usawa wa meza, pamoja na mikono ya gauni. Mgongo sio, kwapa sio, chini ya meza sio. Ndo maana ukipishana na mwenzako aliyevaa gauni mnapishana uso kwa uso au mgongo kwa mgongo, na ndo maana mikono inakaa mbele ya kifua, haiingii kwapani hata kama AC imezidi baridi.

Glovu chagua saizi yako, 6 na nusu, 7, 7 na nusu, ikikubana sana inapasuka, ikilegea vidole vinashika vibaya. Kwa operesheni ndefu na zenye mifupa vaa mbili, ile ya ndani inakulinda wewe. Ikitoboka unabadilisha pale pale, humalizii "hivi vinyuzi viwili".

Hapa ndo pagumu kuliko vyote humu, kwa sababu sio jambo la sabuni. Thieta zetu zina vyeo. Dokta bingwa akigusa taa kwa kiwiko nesi mpya anaona, interni anaona, mhudumu anaona, wote kimya, wanaangaliana kwa macho juu ya barakoa. Mgonjwa ndo anakuja kulipa ule ukimya. Kubalianeni asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, yaani dokta mwenyewe aseme kwa mdomo wake, "nikigusa semeni". Halafu mnakuwa na sentensi moja ya wote, sisi tulikuwa tunasema "samahani dokta, kiwiko cha kulia kimegusa," fupi, unataja sehemu, huongezi kitu, na aliyeambiwa hajibu zaidi ya "asante" anabadilisha. Hakuna mjadala wa kimegusa hakijagusa, ukiwa na wasiwasi hesabu kimegusa. Na mhudumu wa usafi awe na haki hiyo hiyo, tena yeye anasimama nyuma anaona migongo ambayo sisi hatuioni.

Cheklisti ya upasuaji salama ya WHO inasaidia sana hapa kwa sababu inawalazimisha watu kutajana majina kabla ya kuchana. Wengi tunaijaza baada ya operesheni, tiki tiki tiki, sahihi, hiyo ni karatasi tu. Ilipojaribiwa, moja ya hospitali ilikuwa Ifakara hapa hapa Tanzania, pamoja na za London, Toronto, Manila na kwingine, jumla miji 8, na matokeo yaliyotoka 2009 yalionyesha vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8 na maambukizi ya kidonda kutoka 6.2 mpaka 3.4. Kwa hiyo mtu akikuambia cheklisti ni mambo ya wazungu mwambie Ifakara walishaifanya.

Mlango

Kila mlango ukifunguliwa hewa ya korido inaingia na vumbi lake. Feni ndani ya thieta hapana, madirisha yafungwe. Kinachofungua mlango mara nyingi ni kusahau vitu, nyuzi namba fulani haipo, glovu zimeisha, sakshoni haivuti, kwa hiyo dawa ya mlango ni kuandaa. Skrabu nesi, yule anayempa dokta vifaa mezani, na nesi anayezunguka kuleta vitu wakae pamoja kabla, wataje vitu vyote, dokta aseme kama anahitaji kitu cha ziada, viwe ndani. Kingine ni wageni, wanafunzi kumi kwa operesheni moja ya ngiri, kila mmoja anataka kuona. Wekeni idadi, wanaobaki wataona kesho. Na simu za "dokta anaitwa OPD" ziishie mlangoni, andika kwenye karatasi onyesha kwenye kioo.

Ukitaka kuwaumbua watu kwa upole bandika karatasi mlangoni, kila anayefungua wakati operesheni inaendelea anaweka alama na sababu. Wiki moja tu inatosha, watu wataona aibu wenyewe.

Wembe, dawa, na ngozi ya mgonjwa

Usafi wa wafanyakazi pia ni vile tunavyomwandaa mgonjwa. Aoge usiku au asubuhi ya operesheni, sabuni ya kawaida inatosha. Asinyolewe na wembe. Wembe unaacha vijeraha vidogo ambavyo macho hayaoni, na akinyolewa usiku, mpaka asubuhi wadudu wameshajenga humo. Kama nywele hazizuii kazi ziache. Zikizuia tumia mashine ya kukata, au mkasi kwa uangalifu, karibu na muda wa kuingia. Wodi nyingi bado zinanyoa kwa mazoea, na ndugu ndo wanatumwa dukani kununua wembe, ongea na sista wa wodi kwa heshima, usimgombeze mbele ya wagonjwa, mpe sababu.

Dawa ya kuzuia maambukizi inatakiwa iwe imeingia mwilini ndani ya dakika 120 kabla ya kuchana, na kwa mama wa operesheni ya kujifungua nayo ni kabla ya kuchana, sio baada ya kukata kitovu. Wa usingizi ndo anayeipiga kwa kawaida, basi aisome kwa sauti na saa yake. Halafu operesheni safi ikiisha, dawa imeisha. Hii ya kumwandikia kila mtu sindano siku tano na vidonge vya kwenda navyo nyumbani ni kujifariji, ni sawa na kupaka rangi ukuta wenye unyevu. Hospitali ya Thika kule Kenya waliweka sera ya kupiga dawa kabla na kuacha za baada, na maambukizi ya juu ya ngozi yakapungua wakati wanatumia dawa kidogo zaidi.

Ngozi ipakwe klorheksidini yenye alkoholi kama ipo, kama hamna basi ayodini. Anza pale patakapochanwa ukizunguka kwenda nje, usirudi katikati na pamba ile ile. Iache ikauke kabisa kabla ya kufunika shuka, kwanza ndo inaua vizuri, pili alkoholi mbichi na dayathemi, ile mashine ya umeme ya kukata na kuzuia damu, ni moto, kweli kabisa mgonjwa anaweza kuungua.

Vifaa na ile ndoo ya jiki

Wengi tulifundishwa vifaa vikitoka mezani vinaingia moja kwa moja kwenye klorini ya asilimia 0.5 dakika kumi. Mwongozo mwingine wa WHO wa mwaka 2016, ule wa kusafisha vifaa, unasema usifanye hivyo tena. Klorini inakula chuma, unaona mikasi inavyopata vidoti na kutu, na damu yenyewe inaimaliza nguvu, kwa hiyo unajidanganya kwamba vimeshakuwa salama halafu unaviosha bila tahadhari. Sasa hivi ni hivi, futa damu nyingi pale pale mezani kwa gozi yenye maji steraili, vipeleke vikiwa na unyevu kwenye kontena lenye mfuniko, vifungue viungo vyote, osha kwa maji na sabuni maalumu huku brashi ikiwa ndani ya maji isirushe matone, na anayeosha avae glovu nene, aproni, miwani na barakoa. Kifaa kisichooshwa vizuri hakiwi steraili hata kikipita otoklevu, damu iliyoganda kwenye jino la fosepsi inawafunika wadudu.

Otoklevu ya kawaida, vifaa vilivyofungwa ni nyuzi 121 kwa dakika 30, na saa inaanza kuhesabu joto likishafika, sio ulipowasha. Usiijaze kama basi la mkoani, mvuke unahitaji kupita. Dramu za gozi na gauni zina matundu pembeni, zikiingia matundu yawe wazi, zikitoka unayafunga mara moja, nimeona zinaingia zimefungwa zinatoka zimefungwa, mvuke haukuona ndani kabisa. Ile tepu ya otoklevu inayobandikwa nje ya paketi ikibadilika rangi inakuambia tu kwamba paketi limepita kwenye joto, haikuambii ndani kumefanyika nini, kwa hiyo weka na indiketa ya ndani, ile karatasi ya kuonyesha kama mvuke umefika, ikaangaliwe na skrabu nesi akifungua. Paketi lililolowa sio steraili hata kama limetoka sasa hivi.

Usafi wa chumba

Asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, taa, meza, mashine. Ufagio mkavu usiingie thieta, unarusha vumbi juu. Kati ya mgonjwa na mgonjwa unasafisha kila kilichoguswa na damu pamoja na godoro la meza, chini yake na pembeni, watu wanasahau chini. Unaanza pasafi unaenda pachafu, juu kwenda chini. Damu ikimwagika funika na kitambaa kinachonyonya, iondoe, osha kwa sabuni, ndo upake klorini ya 0.5. Hapa sasa jiki ina kazi. Chupa ikiwa imeandikwa asilimia 3.5 unachanganya kipimo 1 cha jiki kwa vipimo 6 vya maji, ikiwa ya asilimia 5 ni 1 kwa 9, na unachanganya mpya kila siku, ya jana mwaga. Usiichanganye na dawa nyingine ya choo au sakafu, moshi wake unadhuru.

Wale waliopita mafunzo ya 5S, hatua tano za kupanga mahali pa kazi, wanaijua, sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Hilo la mwisho ndo limetushinda wengi, bango lipo ukutani limefifia.

Ukijichoma

Sindano isirudishiwe kofia. Vyenye ncha vipitishwe kwenye bakuli la katikati badala ya mkono kwa mkono, na anayepitisha aseme "kisu", "sindano". Boksi la vyenye ncha lisijae zaidi ya robo tatu. Ukijichoma acha kazi, vua glovu, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, damu ikiingia jichoni suuza kwa maji mengi. Toa taarifa hapo hapo, dawa za PEP, za kuzuia VVU, zinaanza mapema iwezekanavyo na sio zaidi ya saa 72, unakunywa siku 28. Watu wanaficha wakiogopa kupimwa, wanakaa wanahesabu siku usiku. In-chaji ukiona mtu kaja kuripoti usianze na "ulikuwa unafanyaje", mpeleke kwanza akapate dawa.

Siku ya 30

Bila kujua wangapi wamepata maambukizi hamtajua kama haya yote yanafanya kazi, na wagonjwa wetu wengi kidonda kinaharibika wakiwa nyumbani, wanaenda zahanati ya jirani au wanapaka kitu walichoshauriwa. Kwenye rejista ya thieta ongeza kolamu tatu kwa peni tu, namba ya simu ya mgonjwa na ya ndugu mmoja, tarehe ya siku ya 30, na majibu. Chagueni mtu mmoja wa kupiga simu Ijumaa mchana thieta ikiwa imepoa, anauliza maswali manne, kidonda kilitoa usaha, kiliachia, ulipata homa, ulirudishwa hospitali yoyote. Vocha ya simu iombwe kwenye bajeti ya kitengo, isitoke mfukoni kwa nesi. Namba za mwezi zikipatikana ziandikwe kwenye ubao wa chumba cha chai, idadi ya operesheni na idadi ya walioharibika kidonda, bila majina ya wagonjwa wala ya aliyepasua, na dokta naye anywe chai hapo hapo.